Mtu wa Nyuma

Kamati ya mbio za baiskeli ilipompa Felisita kizibao cha njano na kumwambia kwamba mwaka huu hatashindana, bali atakuwa mtu wa nyuma, alikaa siku mbili bila kuwajibu. Mwaka uliotangulia alikuwa ameshika nafasi ya nne kwa wanawake. Miguu yake ilikuwa imezoea kupandisha mikungu ya ndizi kutoka Bukiriro hadi soko la Kasulo mara tatu kwa wiki, na safari hii alikuwa ameitegemea impe nafasi ya kwanza.

Kazi ya mtu wa nyuma ni kuendesha baiskeli nyuma ya mshindani wa mwisho kabisa, toka mwanzo hadi mwisho, na kutompita yeyote. Aliyepasukiwa na tairi anasimama naye. Aliyeishiwa pumzi anamsubiri. Aliyekata tamaa anampakiza kwenye gari la kamati. Akishafika yeye, watu wote wanajua kwamba barabarani hakuna mshindani aliyebaki.

"Ni wewe tu unayeiweza, Mama Uwimana," Mwalimu Celestini alimwambia alipomfuata nyumbani. Celestini alikuwa mwalimu mstaafu, mwenyekiti wa chama cha waendesha baiskeli, na ndiye aliyeziandika kanuni zote kumi na mbili kwa mkono wake. "Nikimpa kijana atachoka kusubiri. Atampita mtu amekaa kwenye majani, halafu aje atuambie hakumwona."

Maneno hayo yalimwingia Felisita. Akakipokea kizibao.

Siku ya mbio, saa moja asubuhi, washindani hamsini na wanane walijipanga pale Kasulo, kila mmoja na namba yake mgongoni. Breki zilikuwa zimekaguliwa, kofia ngumu zimefungwa kidevuni, na kila baiskeli imehakikishwa kuwa ina kengele. Simu zote walikuwa wamezikabidhi kwa jamaa zao, maana kanuni ya tano ilikataza kuendesha baiskeli na simu. Mwalimu Celestini alipanda juu ya kiti akaanza kusoma kwa kipaza sauti. Vijana walikuwa wakicheka na kusukumana, lakini alipofika kanuni ya saba alinyamaza mpaka wakatulia.

"Kudandia lori ni marufuku," akasema. "Nawajua. Nyote hapa mmewahi kudandia. Leo atakayeshika lori hata kwa kidole, ameondolewa, na mwaka kesho hataandikishwa."

Watu waliguna. Ile ndiyo barabara ya malori yanayokwenda Rwanda na Burundi, na hakuna mbeba ndizi wa Ngara asiyeujua ule ujanja. Lori lenye shehena likianza kupanda mlima polepole likinguruma, unalisogelea ubavuni, unakamata kamba ya turubai, nalo linakuvuta mpaka juu bila wewe kukanyaga pedali. Felisita mwenyewe alidandia miaka sita. Aliacha siku lori lilipokwepa shimo ghafla, akatupwa chini na mikungu yake mitatu, akabaki na kovu lililoanzia kwenye kiwiko hadi karibu na kifundo cha mkono.

Filimbi ikapulizwa, wakaondoka.

Kwa saa nne na nusu zilizofuata, Felisita aliendesha nyuma ya mzee Idefonsi, fundi seremala wa miaka sitini na mbili, aliyevaa rozari shingoni na kusimama kila mlima ili, kama alivyosema, baiskeli ipumue. Felisita alimsubiri. Walipita kituo cha kwanza, wakapita cha pili. Kila walipofika, msimamizi wa kituo alikuwa ameshakunja meza yake na kuingia kwenye gari la kamati akiwa na orodha yake ya namba. Jua lilikuwa limeshapanda. Malori yalipita yakiwapulizia vumbi na joto.

Kwenye kilima kirefu baada ya kituo cha pili, mnyororo wa Idefonsi ulichomoka. Walikuwa wamefika juu ya kalavati, pale maji ya mvua yanapopitishwa kwenye bomba kubwa chini ya barabara na kumwagikia bondeni. Juu yake palikuwa na kisiki cha mkaratusi. Felisita alipiga magoti, akaurudisha mnyororo na kujifuta grisi kwenye majani. Alipokuwa anainuka alisikia kitu kikilia chini huko bondeni. Tiring. Kikanyamaza. Tiring, tiring.

Akasogea hadi ukingoni, akatazama. Aliona manyasi marefu kupita kimo cha mtu, vichaka, na giza la kivuli.

"Mbuzi hao," Idefonsi akasema. "Wasukuma wa huku huwafunga kengele."

"Mbuzi bila mchungaji?"

"Mchungaji yuko kivulini. Twende, binti yangu, nikipoa miguu sitanyanyuka tena."

Felisita alisimama kidogo zaidi. Kengele haikulia tena. Akapanda baiskeli, wakaenda zao.

Walipoingia uwanja wa shule kule Nyakahura, saa sita ilikuwa inakaribia. Watu walimpigia Idefonsi makofi mengi kuliko walivyompigia mshindi. Mshindi alikuwa ameshafika muda mrefu, naye ni Fabrice, kijana wa miaka ishirini na mbili, jirani yake Felisita kule Bukiriro. Zawadi yake ilikuwa imefungwa kamba chini ya mti wa uwanjani: mtamba mwekundu, mnene, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Mama yake Fabrice alikuwa amekaa karibu na mnyama yule, mkono begani mwake, kana kwamba wamejuana siku nyingi. Tangu wazee wao walipovuka mpaka kutoka Burundi, ukoo ule haukuwahi kumiliki ng'ombe hata mmoja.

Felisita alikuwa bado anakunywa maji pale Mwalimu Celestini alipomjia na karatasi mkononi.

"Mama Uwimana, umemwacha mtu?"

"Sijamwacha mtu."

"Waliomaliza ni hamsini na wanne. Waliopanda gari ni watatu. Hiyo ni hamsini na saba."

Felisita aliteremsha chupa. "Namba gani?"

"Thelathini na moja. Kazimili."

Kazimili alikuwa mfugaji wa miaka arobaini na sita, mtu wa Nyarubungo, ambaye wazazi wake walihamia kutoka Shinyanga. Kila asubuhi alipeleka maziwa kwa baiskeli, madumu manne, na mlimani ni wachache waliomweza. Hakuwa mtu wa kubaki nyuma. Kama asingekuwa wa kwanza basi angekuwa wa tatu.

"Huyo hakuwa nyuma," Felisita akasema. "Alitangulia tangu mwanzo."

"Basi umempita," alidakia Laurian, katibu wa kamati, aliyekuwa ameshika kipaza sauti. Alikuwa anatokwa jasho. Mgeni rasmi alikuwa ameshaangalia saa yake mara tatu, na alikuwa na shughuli nyingine mchana ule. "Au ameingia njia ya mkato akaenda kwake. Si kuna njia ya Nyarubungo pale katikati? Ameona ameshindwa, kaona aibu, karudi nyumbani. Tugawe zawadi, mengine tutayafuatilia baadaye."

"Mume wangu hana aibu hiyo."

Waligeuka. Alikuwa Yuster, mke wa Kazimili, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini. Mkono mmoja alishika chupa ya uji, na mwingine simu ndogo ya mumewe.

"Simu yake ninayo mimi," akasema. "Na anajua niko hapa namsubili. Aludi nyumbani aniache hapa uwanjani?"

Laurian akakishusha kipaza sauti.

Felisita aliomba orodha za vituo vyote vitatu, akaziweka sambamba juu ya meza. Kituo cha kwanza, thelathini na moja ilikuwa na tiki, mtu wa tatu kupita. Kituo cha pili, tiki tena, mtu wa pili. Kituo cha tatu, palikuwa wazi. Akamtazama Secilia, aliyesimamia kituo hicho.

"Hakupita kwangu," Secilia akasema. "Naapa. Wa kwanza alipita peke yake. Mimi nilidhani Mzee Kazimili amepasukiwa tairi, kwamba wewe utamkuta."

Kati ya kituo cha pili na cha tatu kulikuwa na kilomita kumi na nne, zenye vilima, kona, mabonde na msitu pande zote mbili. Kumtafuta mtu humo bila kujua pa kuanzia kungewachukua mpaka jioni. Na kama ameanguka, basi ameanguka tangu saa mbili na nusu.

"Laurian," Felisita akasema, "kanuni ya kumi na moja inasemaje?"

"Huu si wakati wa—"

"Inasemaje?"

Mwalimu Celestini ndiye aliyejibu, kwa sauti ya mtu anayejisomea hukumu yake mwenyewe. "Hakuna zawadi itakayotolewa mpaka kila namba ijulikane ilipo."

"Basi hakuna zawadi."

Kelele zikazuka. Washindani waliokuwa wamechoka na wenye njaa wakaanza kuzomea. Mmoja akapaza sauti kwamba mtu wa nyuma ndiye mwenye kosa, amempita mtu halafu anawazuia wenzake. Mwingine akasema mwanamke apewe kazi ya kupika, si ya barabara. Felisita alisikia masikio yakimwaka moto. Sauti ndogo ndani yake ilikuwa inamuuliza jambo hilohilo: umempita? Umempita wapi?

Alijilazimisha kufikiri. Kama thelathini na moja alipita kituo cha pili akiwa wa pili, aliyekuwa karibu naye ni mmoja tu, yule aliyetangulia. Akainua macho kumtafuta Fabrice.

Kijana alikuwa amesimama kando ya watu wote, hakuzomea wala kuzungumza. Alikuwa ameuficha mkono wake wa kulia kwapani, kama mtu anayesikia baridi, na jua lilikuwa la kupasua utosi.

Felisita alimwendea. "Njoo unisaidie kubeba maji," akamwambia kwa Kirundi, na kijana akamfuata hadi nyuma ya tangi la maji la shule. Huko hakukuwa na mtu.

"Nionyeshe mkono."

"Mkono gani, mama?"

"Fabrice. Nionyeshe mkono."

Akautoa taratibu. Kiganja kilikuwa kimekwanguka, na katikati ya kiganja, toka kidole cha shahada mpaka chini ya kidole kidogo, ulipita mstari mweusi mnene uliochanganyika na damu. Felisita aliujua mstari ule. Kamba za turubai huwa zimejaa moshi na mafuta ya safari ndefu, na zikikuvuta zinaacha alama isiyotoka kwa sabuni siku mbili tatu. Yeye aliivaa alama hiyo kwa miaka sita.

"Ulidandia."

Fabrice akafumba kiganja.

"Sikuulizi habari ya ng'ombe. Kazimili yuko wapi?"

"Sijui."

"Mlikuwa wawili."

"Sijui, mama, mimi nili..." Akageuza uso akautazama ukuta wa tangi. "Mama amekaa pale na yule ng'ombe tangu saa nne. Ameshampa jina."

"Nimemwona." Felisita alitaka kumkamata shati na kumtikisa. Akaizuia mikono yake. "Nami nimemwona mke wa Kazimili. Amekaa na chupa ya uji. Ulimwona?"

Kwanza kijana akatingisha kichwa, kisha akaitika, kisha akaanza kulia bila sauti, na maneno yakamtoka kwa mkupuo. Lori lilikuwa linapanda kilima kile kirefu baada ya kituo cha pili. Yeye alitangulia kulikamata, na Kazimili, alipoona anaachwa kwa hila, akakasirika naye akakamata kamba ya nyuma. Walipofika juu lori likaongeza mwendo. Likakwepa shimo. Kazimili alikuwa ameuzungushia mkono wake kamba, haikuachia mara moja, ikamburuta hatua kadhaa, kisha ikamtupa nje ya barabara kama gunia, yeye na baiskeli yake. Fabrice aliachia mbele kidogo, akageuka, hakuona mtu wala baiskeli. Akajiambia mzee ameinuka. Akajiambia wenzao wanakuja nyuma, watamwona. Secilia alipomuuliza kama wenzake wako mbali, akajibu wako nyuma.

"Ningemwambia, angeniuliza nilionaje," akasema. "Na ningesema nilionaje, ningeondolewa."

"Ni wapi? Pana alama gani?"

"Kwenye kalavati. Pana kisiki cha mkaratusi juu yake."

Felisita alishika ukingo wa tangi. Tiring. Tiring, tiring. Hakukuwa na mbuzi kule chini. Kulikuwa na mtu ambaye katika mwili wake wote kilichobaki na nguvu ni kidole gumba, na kidole hicho kilikuwa kwenye kengele ya baiskeli. Naye Felisita alikuwa amesimama juu yake, akijifuta grisi, umbali wa hatua kumi na tano tu.

Alikimbia. Alimpita Laurian, akampita mgeni rasmi aliyekuwa ameshafunguliwa mlango wa gari, akamwambia dereva wa kamati awashe. Akamwita Ernesta, muuguzi wa zahanati aliyekuja na sanduku la huduma ya kwanza. Yuster alikuwa ameshapanda nyuma ya gari bila kuambiwa na mtu. Fabrice naye akapanda. Mama yake aliinuka kutoka kwa ng'ombe akamwita kwa jina, mara moja, mara mbili. Kijana hakugeuka.

Dereva alilipita lori moja kwenye kona, Felisita akamwambia kwa ukali apunguze mwendo, maana bado walikuwa na mtu wa kumfikia. Yuster aliukumbatia ule uji. Baada ya muda akauliza, bila kumtazama yeyote, "Mnajuaje ni pale?"

Fabrice akafungua mdomo. "Nilikuwa naye," akasema.

Yuster aligeuka akamtazama kijana muda mrefu. Gari lilirukaruka.

Walipofika kwenye kisiki, Felisita alitangulia kushuka bondeni, akitelezea kwa makalio, manyasi yakimchana uso. Aliita jina. Kimya. Akaita tena, na safari hii, kutoka kushoto, karibu kabisa na mdomo wa bomba, kikasikika kitu kama pumzi.

Kazimili alikuwa amelala chali kwenye matope, mguu mmoja umepinda pasipotakiwa kupinda, baiskeli imemwangukia kifuani. Kofia yake ilikuwa imepasuka toka mbele hadi nyuma kama kibuyu. Midomo ilikuwa nyeupe. Macho yalikuwa wazi, na kidole gumba kilikuwa bado juu ya kengele.

Yuster alipiga ukelele, akataka kumkumbatia. Felisita akamdaka kiunoni.

"Usimwinue! Shingo, mama, shingo! Mwache Ernesta."

"Niachie! Ni mume wangu!"

"Ndiyo maana nakushika."

Walishindana pale kwenye matope, wanawake wawili, mpaka Yuster akalegea akaketi chini. Ernesta alipiga magoti, akapima mapigo ya moyo, akaangalia macho, akaupapasa mguu. "Yuko hai," akasema, "lakini amepoteza damu, na jua limemkausha. Nataka ubao. Kitu chochote kilichonyooka."

Ubao haukuwapo. Fabrice alipanda juu mbio, na walichosikia ni mlio wa chuma na mbao zikivunjika. Akarudi na mlango wa nyuma wa bodi ya gari begani, dereva akimfuata kwa kelele. Wakamtelezesha Kazimili juu yake polepole. Ernesta alishika kichwa, Felisita mabega, dereva na Fabrice wakashika kiuno na miguu. Mara mbili walisimama kwa sababu Ernesta alisema simameni. Mara ya pili Kazimili aliacha kupumua, au ndivyo walivyodhani, na kwa muda ule mfupi Felisita aliwasikia nzi, na lori likipita juu yao barabarani, na hakuna kingine. Kisha kifua kikainuka.

Ukingo ulikuwa mkali. Fabrice, aliyekuwa upande wa chini, aliubeba uzito karibu wote kwa kile kiganja kilichokwanguka, na damu ikawa inatiririka hadi kwenye kiwiko. Hakuguna hata mara moja. Walipomfikisha juu, saa saba ilikuwa imepita.

Kazimili hakufa. Hospitalini walimwekea damu, wakamfunga mguu, wakasema mbavu tatu zimevunjika, na kwamba bila ile kofia wasingekuwa na kazi ya kufanya.

Kamati ilikutana Jumatatu. Fabrice alisimama mbele yao akaeleza yote, hakupunguza. Wakamwondoa kwenye matokeo, wakamfungia miaka miwili, mmoja wa kudandia na mmoja wa kuficha, na yule mtamba akapelekwa kwa aliyemfuata. Laurian alitaka afungiwe maisha, na wengi waliitikia kwa vichwa.

Felisita akaomba kusema.

"Kanuni ya saba ni nzuri," akaanza. "Lakini tazameni ilivyofanya kazi. Kijana alimwona mwenzake ameanguka, na kanuni yetu ikamfunga mdomo. Akisema, anapoteza ng'ombe. Akinyamaza, anampata. Tuliandika adhabu ya kudandia, hatukuandika mlango wa kutokea. Mimi nasema hivi. Atakayetoa habari ya mtu aliyeanguka, asiulizwe amejuaje mpaka huyo mtu apatikane. Tumtafute kwanza. Adhabu ije baadaye, wala isiwe sawa na ya aliyeficha. Na orodha zisisubiri mwisho wa mbio. Kituo kinachofuata kijue nani ametoka kituo kilichopita."

Mwalimu Celestini alikuwa anaandika haraka. Laurian alitazama dari.

"Na kuna la pili," Felisita akasema. "Mimi nilisimama juu ya ile kalavati saa nne. Nilisikia kengele yake. Mara tatu. Nikaambiwa ni mbuzi, nami nikakubali kwa sababu nilitaka kufika. Sikushuka kuangalia. Liandikeni hilo pia, maana mkiandika la Fabrice peke yake mtakuwa mmeandika nusu."

Celestini aliishika kalamu hewani, akamtazama, kisha akaandika.

Kumwambia Yuster kulikuwa kugumu zaidi. Jumanne Felisita alifika hadi kwenye geti la hospitali akarudi. Jumatano alikwenda tena, na safari hii alimkuta Fabrice amekaa nje kwenye benchi, kiganja kimefungwa bandeji, na mkungu wa ndizi mbivu miguuni. Alikuwa hapo tangu asubuhi. Hakumwomba Felisita amwingize, naye Felisita hakuahidi.

Wodini, Kazimili alikuwa ameegemezwa kwenye mito miwili, mguu umening'inizwa. Yuster alikuwa anamnywesha uji kwa kijiko.

"Shikamoo, Mzee Kazimili."

"Malahaba. Kalibu." Sauti ilikuwa ya kukwaruza. "Nasikia ile loli hata haikusimama."

"Haikusimama." Felisita hakuketi. Alijua akiketi atashindwa. "Nimekuja kusema jambo, na mama asikie. Mimi nilipita pale kabla. Nilisimama juu yako. Niliisikia kengele, nikaondoka."

Kijiko cha Yuster kilisimama njiani.

Kazimili alitazama dirishani. "Niliona njano," akasema mwisho. "Katikati ya majani. Nikajua ni mtu wa nyuma. Nikajisemea, nimepona." Akapumua kwa shida, mbavu zikimuuma. "Halafu njano ikaondoka. Hapo ndipo nilipoogopa kweli kweli."

Machozi yalimtoka Felisita, akayaacha yatoke.

"Na nilidandia," Kazimili akaendelea. "Mtu mzima na ndevu zangu. Kanuni nilizisikia kama wengine. Yule kijana alinipita kwa loli, nikapandwa na hasila." Akautazama mlango. "Yuko wapi?"

"Nje. Amekaa kwenye benchi."

"Asiingie," Yuster alisema papo hapo. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuzungumza tangu Felisita aingie. "Leo asiingie."

Mumewe alimtazama, lakini hakubishana naye.

Felisita alitambua kwamba naye anapaswa kuondoka. Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge, akageuka. Hapo Yuster akasogea kidogo kwenye ukingo wa kitanda, akahema, akanyoosha mkono wenye kikombe.

"Nishikie hiki," akasema. "Nataka kumgeuzia mto, na peke yangu siwezi."

Felisita akakipokea. Kilikuwa cha moto. Akakishika kwa mikono miwili, akasubiri.